'Give up': Si kila aliyeacha amekata tamaa

MWALIMU mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili aliniandikia majuma mawili yaliyopita akiwa na kilio. Alikuwa amewapa wanafunzi wake wa kidato cha tatu sentensi fupi ya Kiingereza waitafsiri: 'The young man gave up his seat.' Karibu nusu ya darasa iliandika kwamba kijana 'alikata tamaa ya kiti chake'. Wengine waliandika kwamba kijana 'alipeana kiti'. Mmoja, ambaye mwalimu anasema ndiye hodari wa darasa, aliandika kwamba kijana 'alisalimu amri ya kiti'.

"Sasa Prof," akauliza mwalimu, "hapa nisahihishe nini na niache nini? Na mimi mwenyewe nikiulizwa neno moja la 'give up', niseme nini?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Kitenzi hiki na mimi tuna deni la zamani, nami nitalieleza mbele. Kwanza nimjibu mwalimu. Jawabu fupi ni kwamba hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba 'give up', na anayelitafuta anajichosha bure. Jawabu refu lina historia ya karibu miaka 900, nayo inaanzia kifungoni.

Kiingereza kimejaa vitenzi vya aina hii: kitenzi cha kawaida kabisa hufuatwa na kijineno kama 'up', 'off', 'out' au 'over', na viwili hivyo vikishikana huzaa maana ambayo huwezi kuipata kwa kujumlisha sehemu zake. Anayejua 'give' ni kutoa na 'up' ni juu bado hajui lolote kuhusu 'give up'. Wala si sisi wa kwanza kulalamika. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake maarufu mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba muundo huu ndio unaowatia wageni taabu kubwa zaidi katika lugha yake, akatoa mifano mingi kuwasaidia. Jina la kitaaluma la vitenzi hivi lilichelewa mno. Lilichapishwa mwaka 1925 katika kitabu cha Logan Pearsall Smith kiitwacho Words and Idioms, naye mwandishi akaeleza kuwa alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Hapa kwetu tuviite vitenzi-kirai, kwa kuwa ni kirai kizima kinachofanya kazi ya kitenzi kimoja.

Jina ni la juzi lakini vitenzi vyenyewe ni vikongwe. Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, kilipenda kutanguliza viambishi mbele ya kitenzi. Mtu aliyeacha au kutoka katika kitu alisemwa kuwa amefanya 'ofgiefan', neno ambalo leo Mwingereza wa kawaida hawezi hata kulitamka. Kisha wakaja watu wa kaskazini, Waskandinavia, kwanza kama wavamizi mwishoni mwa karne ya 8, baadaye kama walowezi waliojenga na kuoa katika maeneo ya mashariki na kaskazini ya Uingereza. Hao walikuwa na usemi wao, 'gefa upp', wenye maana ya kuachilia au kusalimisha kitu. Lugha mbili zilizokaa jirani zikaanza kukopeshana, kama Kiswahili na Kiarabu, kama Kiswahili na Kidigo.

Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilishushwa hadhi. Wakubwa walizungumza Kifaransa, wasomi wakaandika Kilatini. Lakini katika monasteri moja ya Peterborough, mashariki mwa nchi, watawa waliendelea kuandika tarehe ya taifa kwa Kiingereza hadi mwaka 1154, wakati wenzao kwingine walikuwa wamekwisha kunyamaza. Katika habari walizoziweka chini ya mwaka 1137 wanasimulia kisa cha mfalme Stephen. Mfalme huyo aliitisha mkutano Oxford, akamkamata Roger, askofu wa Salisbury, na Alexander, askofu wa Lincoln, pamoja na mkuu wa hati za serikali aliyeitwa pia Roger. Akawatia wote kifungoni mpaka wakazitoa ngome zao. Mtawa aliyeandika habari hizo alitumia 'give' pamoja na 'up', kwa tahajia ya zama zake. Huo ni miongoni mwa mifano ya mapema kabisa ya kitenzi hiki iliyohifadhiwa katika maandishi.

Tusimame hapo kidogo. Wale maaskofu walipozitoa ngome, je, walikuwa wamekata tamaa? Mtawa hasemi hivyo. Huenda walikuwa na tamaa tele ya kuzirudisha. Alichosema ni kwamba kitu kilitoka mkononi mwa mtu mmoja kikaingia mkononi mwa mwingine kwa nguvu. Maana ya kwanza ya 'give up', basi, ilikuwa ya mkono. Maana ya moyo, ile ya kuvunjika na kutotarajia tena, ilikuja baadaye. Mwanafunzi wetu aliyeandika 'alikata tamaa ya kiti' ameanza na maana iliyochelewa kufika.

Na kile kijineno 'up' kinafanya nini pale? Katika vitenzi vingi vya Kiingereza hakionyeshi juu, bali ukamilifu. 'Eat up' ni kula mpaka sahani ibaki nyeupe. 'Use up' ni kutumia mpaka kitu kiishe. Kwa hiyo 'give up' ni kutoa moja kwa moja, kutoa usibakishe. Kiswahili nacho kina njia zake za kusema hivyo, ila hakitumii vijineno. Huunyoosha mkia wa kitenzi: acha, achia, achilia. Au huongeza neno la kukaza: potelea mbali, achilia mbali, acha kabisa.

Maana zikaongezeka polepole kama matawi ya mwembe. Wafasiri wa Biblia wa karne ya 16, na baada yao wale wa toleo la Mfalme James la mwaka 1611, walipofika kwenye kifo cha Yesu msalabani walisema aliitoa roho, wakatumia 'give up' na neno 'ghost', ambalo wakati huo bado lilikuwa na maana ya roho wala si pepo la usiku. Hadi leo Mwingereza atasema gari lake limefanya vivyo hivyo likizimika barabarani. Wafasiri wa Kiswahili wa Union Version, Biblia iliyotoka nzima mwaka 1952, walipofika mahali hapo walikuwa na njia kadhaa, na mojawapo waliyoichagua ni kukata roho.

Angalieni jambo hilo kwa makini, maana ndipo Kiswahili kinapoonyesha tabia yake. Kiingereza huchukua kitenzi kimoja na kukipachika vijineno mbalimbali. Kiswahili huchukua kitenzi kimoja na kukipa nomino mbalimbali. Tuna kukata roho, kukata tamaa, kukata shauri, kukata kauli, kukata kiu, kukata rufaa. Kisu ni kimoja, kinachokatwa ndicho kinachobadilika. Mwenye kukata roho amefariki. Mwenye kukata shauri ameamua. Mwenye kukata rufaa ndio kwanza anaanza upya! Mtoto wa shule anayejifunza kwamba 'give up' ni 'kata' bila kuambiwa anakata nini, amepewa kisu bila kuonyeshwa nyama.

Sasa tupite maana moja baada ya nyingine.

Maana ya zamani zaidi, ya kutoa ngome au silaha baada ya kushindwa, inatafsirika kama kusalimu amri au kujisalimisha. Salimu ni ya Kiarabu, nayo ni ndugu wa damu wa salama na salamu. Anayesalimu amri anaikabidhi mamlaka yake kwa mwingine ili apate usalama. Hapa pwani tuna mfano wetu wa kuweka kando ya ule wa maaskofu. Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walinyang'anywa na Waomani mwaka 1698, wakairudia mwaka 1728. Mwaka uliofuata wenyeji wa Mombasa waliwazingira humo, na mwezi wa Novemba 1729 wakaitoa ngome wakaruhusiwa kuondoka kwa merikebu. Hao walisalimu amri. Tahadhari moja tu: kumsalimu mtu na kumsalimia ni karibu sawa katika mazungumzo, lakini hakuna kitu kinachoitwa 'kusalimia amri'. Nimekiona magazetini, nikajiuliza amri iliitikaje.

Mshukiwa anayekwenda kituoni kwa miguu yake amejisalimisha kwa polisi. Hapo Kiingereza hutumia 'give up' pamoja na neno la kujirejelea. Sisi tunatia kiambishi 'ji' ndani ya kitenzi na kazi imekwisha.

Maana ya kuacha mazoea ni nyepesi zaidi. Aliyeachana na sigara ameacha sigara. Hakukata tamaa ya sigara. Pengine tamaa bado anayo, na hiyo ndiyo sababu tunampongeza. Akiiacha asiitazame tena, wazee husema ametupa jongoo na mti wake. Aliyeacha useja akaoa ameasi ukapera, msemo ambao magazeti yetu yanaupenda kama wali wa nazi. Mtaani utasikia, "Mimi niliachana na hiyo maneno kitambo." Sarufi ya ngeli imepotoka hapo, lakini kitenzi ni sawasawa.

Anayeacha cheo amejiuzulu, na hapo pia tunawashukuru Waarabu. Lakini lipo neno jingine ambalo Mwalimu Julius Nyerere alilipa umaarufu alipoacha urais wa Tanzania mwaka 1985: kung'atuka. Neno hilo linatoka katika Kizanaki, lugha yake ya kuzaliwa, na lina ladha ambayo kujiuzulu hakuna. Anayejiuzulu huenda amesukumwa. Anayeng'atuka anaondoka kwa hiari, akiwa bado ana nguvu za kubaki. Kwa upande mwingine tuna kubwaga manyanga. Manyanga ni vile vibuyu vyenye mbegu vinavyotikiswa ngomani au na mganga kazini. Akivitupa chini, ngoma imekwisha, hata kama wachezaji bado wanataka. Mwanasiasa anayejiondoa katika kinyang'anyiro cha kiti amebwaga manyanga. Nani atahitaji 'kutupa taulo', tafsiri ya neno kwa neno iliyotoka katika ulingo wa ndondi wa Waingereza, ilhali ana manyanga yake mkononi?

Maana ya kumwachia mwingine nafasi ndiyo iliyowatatiza wanafunzi wa mwalimu wetu. Neno lake wanalisikia kila siku katika matatu. Kondakta anapaza sauti: "Kijana, mpishe mama kiti!" Kupisha ni kumfanyia mtu nafasi apite au akae. Kitenzi hiki kina adabu ambayo Kiingereza hakina, kwa sababu kinataka kujua unampisha nani. Mwingereza anaweza kusema kijana aliacha kiti bila kumtaja aliyekalia. Kiswahili kinauliza: amempisha nani? Kwa hiyo mwalimu, sentensi yako ina jawabu mbili kulingana na muktadha: 'Kijana alimpisha mtu kiti', ukijua kulikuwa na anayekihitaji, au 'Kijana aliacha kiti chake', ukiwa hujui. Ama hiyo 'alipeana kiti', ikosoe bila huruma. Kupeana ni watu wawili au zaidi kupana kitu, huyu akimpa yule na yule akimpa huyu. Kijana mmoja hawezi kupeana kiti peke yake.

Ipo maana nyingine ambayo huwa naifurahia sana. Mwingereza akitegewa fumbo likamshinda, husema 'I give up.' Je, sisi husemaje? Msomaji aliyekulia kijijini anajua.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Ukijaribu chungu, ukajaribu kaburi, ukashindwa, mtegaji anakwambia: "Nipe mji." Nawe huna budi kumpa. "Chukua Mombasa." Atakwenda Mombasa, atapokewa kwa shangwe, atakula na kunywa, kisha atakurudishia jawabu: yai. Mtoto aliyeshindwa hakukata tamaa, wala hakuacha mchezo. Ametoa mji. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza kile kisa cha mfalme Stephen na ngome za maaskofu, niliwakumbuka wajukuu waliokaa ukumbini usiku wakimkabidhi nyanya yao Mombasa, Lamu, Malindi na Nairobi, mji baada ya mji, mpaka usingizi unawachukua. Kushindwa katika lugha hizi mbili kulianza kwa kutoa boma. Tofauti ni kwamba watoto wetu walitoa wakicheka, na kesho yake miji yao walikuwa nayo tena.

Sasa tumefika kwenye moyo. Kukata tamaa ndiyo tafsiri ya 'give up' inayotangulia mdomoni kwa wengi wetu, na ndiyo nzito kuliko zote. Tamaa ni neno la Kiarabu lenye nyuso mbili: ubaya wake ni uroho, uzuri wake ni matumaini. Anayeikata ameukata uzi unaomshikilia kwenye kesho. Dini zetu kubwa mbili zinafundisha kwamba kukata tamaa ya rehema ya Mungu ni kosa. Kwa hiyo ukisema kwa Kiswahili kwamba fulani amekata tamaa, hujasema tu kwamba ameacha kufanya jambo. Umesema habari ya nafsi yake. Umemtangazia giza.

Jinsi Wakenya tunavyozungumza siku hizi, tofauti hizi zote tumezimeza kwa tonge moja. Tunasema "nime-give up", "usi-give up buda", "wazazi wame-give up na yeye". Mimi si adui wa kuchanganya lugha. Hata nami nikiwa na marafiki nachanganya. Lakini mseto huo una hatari yake. Kitenzi kile kinaingia katika Kiswahili na matawi yake yote, kusalimu amri, kuacha, kupisha, kung'atuka, kukata tamaa, na msikilizaji anaachiwa achague tawi mwenyewe. Akichagua baya, ni juu yake.

Hili ndilo deni nililolitaja mwanzoni.

Mwaka 1999 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, nikisomea Kiswahili na isimu. Nyanya yangu mzaa mama, yule yule tuliyempa miji, alikuwa amelazwa katika hospitali moja huko pwani kwa kidonda cha mguu kilicholetwa na kisukari. Nilifika wakati wa kuona wagonjwa nikamkuta muuguzi ukumbini akizungumza na mwenzake. Nikamuuliza hali ya nyanya. Akaniambia huku anatembea: "Daktari ame-give up. Mtamwona kesho asubuhi awaeleze."

Mjomba wangu alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi. Akaniuliza, "Wamesemaje, mpwa wangu? Wewe ndiye msomi wetu."

Nikamjibu: "Daktari amekata tamaa, mjomba."

Sikuuliza daktari ameacha nini. Sikusubiri kesho asubuhi. Nilikuwa na neno la Kiingereza na neno la Kiswahili, nikayaona yanalingana, nikayaunganisha. Jioni ile ile mjomba alitia sahihi karatasi za kumtoa mama yake, kwa kuwa hakutaka afie ugenini. Tukampeleka nyumbani. Majirani walianza kuja. Mtu alitumwa kwa fundi seremala, ingawa kimya kimya. Nyanya alilala akitazama dari, akashangaa kwa nini kila anayeingia anamshika mkono muda mrefu namna ile.

Siku ya 11 alikuja binamu yetu ambaye alikuwa tabibu katika zahanati. Alikuwa amepita hospitalini akaulizwa mgonjwa wao ameenda wapi. Daktari alikuwa ameacha dawa ya kwanza kwa sababu haikufanya kazi, na alitaka kutueleza ile ya pili asubuhi ya kesho yake, asubuhi ambayo hatukuisubiri. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Daktari alikuwa amebadilisha koleo. Mimi nikautangazia ukoo kwamba karakana imefungwa.

Tulimrudisha siku hiyo hiyo. Kidonda kilikuwa kimepanda, wakaukata mguu chini ya goti. Nilimuuliza daktari kama siku zile 11 ndizo zilizouondoa mguu. Akasema huenda ndizo, na huenda mguu ungeondoka hata hivyo, na kwamba nisijiulize swali hilo kila siku. Nimejiuliza mara nyingi tangu hapo.

Nyanya aliishi miaka tisa zaidi, akitembea kwa magongo na kututegea vitendawili. Siku moja, nikiwa nimekwisha kuhitimu, nilipata ujasiri wa kumweleza ni nani aliyeyaleta maneno yale kutoka wodini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa utulivu: "Mimi sikukata tamaa. Nyinyi ndio mlinikatia."

Nilikuwa nimesoma mnyambuliko wa vitenzi kwa miaka mitatu: kata, katia, katika, katisha, katiza. Nilijua kwenye karatasi kwamba kiambishi cha kutendea kinaonyesha jambo limefanywa kwa ajili ya mtu au dhidi yake. Sikuwa nimewahi kukisikia kikiuma. Kukata tamaa ni jambo la mtu na nafsi yake. Kumkatia mtu tamaa ni jambo tunalomfanyia yeye, mara nyingine akiwa hai na anatusikia. Kiingereza hulisema hilo kwa kuongeza kijineno cha pili, 'on', baada ya 'up'. Kiswahili kinatia silabi moja tu ndani ya kitenzi. Na kwa maana hiyo hiyo tuna kitenzi kingine, kutupa, ambacho kimo katika methali tuliyoijua tangu utotoni: Mungu hamtupi mja wake. Wafasiri wa Kiingereza wangeweza kuitia 'give up on' humo na wasipoteze kitu.

Kwa mwalimu wetu, basi, ushauri wangu ni huu. Usiwape wanafunzi orodha ya visawe vya 'give up' waikariri kama jedwali la hesabu. Wafundishe kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika. La kwanza: nini kimeachwa? Kama ni ngome au silaha, mtu amesalimu amri. Kama ni mazoea, ameacha. Kama ni cheo, amejiuzulu, ameng'atuka au amebwaga manyanga, kulingana na jinsi alivyoondoka. Swali la pili: kimeachiwa nani? Kama yupo anayefaidika, huenda ni kupisha, kuachia au kukabidhi. La tatu: moyo wake ukoje? Ikiwa tu sentensi inasema matumaini yamekwisha, ndipo uandike kwamba mtu amekata tamaa, amevunjika moyo au amekufa moyo.

Isiposema, usimtie mtu huzuni ambayo hakuwa nayo. Yule aliyeshindwa uchaguzi akampigia mpinzani wake simu kumpongeza amekubali kushindwa, na hilo ni sifa. Wahenga wenyewe walisema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Na kwa wale wanaofanya kazi mahali ambapo neno moja lina uzito wa maisha, wauguzi, wakalimani wa mahakamani, makarani wa ardhi, polisi, nina ombi. Mkisema "ame-give up", malizeni sentensi. Semeni ameacha nini. Nasi tunaosikiliza tuulize, hata kama tumesoma, na hasa kama tumesoma. Swali moja ukumbini lingenichukua sekunde tatu.

Mwalimu aliniandikia tena juzi. Alikuwa amelirudia zoezi darasani na safari hii karibu wote wameandika kwamba kijana alimpisha mtu kiti. Yule hodari, anasema, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, na kama hakuna aliyetaka kukaa?"

Mwalimu hakuwa na jibu la haraka. Akamwambia mtoto: "Hapo umenishinda. Chukua Mombasa."